Pedali Inayolia kwenye Gitaa la Stili: Mlio Unatoka Wapi na Unazimwaje

Mtu akikanyaga pedali ya gitaa la stili na chuma kikalia kwiii, wa kwanza kulaumiwa ni pedali yenyewe, maana ndiyo iliyo chini ya mguu. Mara nyingi inasingiziwa. Kati ya soli ya kiatu na uzi unaopandishwa sauti kuna viungo saba, karibu vyote chuma kwa chuma, na vyote vimeshikana na bodi moja ya mbao inayosambaza kelele hadi kila kona. Mlio ukizaliwa kulia kabisa, mahali nyuzi zinapoishia, sikio la aliyekaa litaapa kwamba umetoka miguuni. Ndiyo maana watu humwagia pedali mafuta, mlio ukabaki palepale, wakaongeza mafuta mengine, na mwishowe wakawa na gitaa linalolia na kunasa vumbi juu yake.

Kazi hii ni ya kusaka. Ukishajua kiungo kinacholia, mafuta yanayohitajika kwa kawaida ni tone moja, na wakati mwingine hayahitajiki kabisa.

Chombo na mnyororo wake

Pedali stili ni gitaa linalolala juu ya miguu minne mfano wa meza nyembamba. Mchezaji hukaa nyuma yake: mkono wa kushoto unatelezesha pande la chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, mguu wa kushoto uko kwenye pedali, wa kulia kwenye pedali ya sauti, ile ya kuongeza na kupunguza ukubwa wa sauti, na magoti yanasukuma leva zinazoning'inia chini ya bodi. Ndiyo ile sauti ya kulia na kupinda inayosikika katika nyimbo za kantri ambazo Wakenya wengi wamekua nazo redioni. King Sunny Adé wa Nigeria aliiingiza kwenye muziki wa juju kupitia mpigaji wake Demola Adepoju. Lakini kwao hasa ni Nashville, Marekani. Huko ndiko mwaka 1954 rekodi ya mwimbaji wa kantri Webb Pierce ilipowasikilizisha watu wengi kwa mara ya kwanza Bud Isaacs akipinda nyuzi kwa pedali katikati ya noti, na huko ndiko Shot Jackson na Buddy Emmons walikoanza kuunda magitaa ya Sho-Bud katika miaka hiyohiyo.

Ukipindua gitaa na kutazama tumbo lake utaona kitu ambacho yeyote aliyewahi kurekebisha breki za vyuma za baiskeli ya Phoenix atakielewa upesi: rodi zinazovuta mikono, mikono inayozungusha shafti, shafti zinazovuta rodi nyingine. Pedali imetobolewa na kupitishiwa ekseli ndani ya boriti inayounganisha miguu miwili ya mbele. Ncha ya pedali inashika rodi wima inayopanda hadi chini ya bodi na kukamata mkono mfupi. Mkono huo umefungwa kwenye shafti inayovuka upana wa gitaa, kutoka ubao wa mbele hadi wa nyuma, na ncha zake zinazunguka ndani ya bushi. Shafti hiyohiyo ina mikono mingine midogo, mmoja kwa kila uzi unaobadilishwa na pedali hiyo, na kila mkono unavuta rodi ndefu inayoelekea kulia hadi kwenye chenja.

Chenja ndiyo moyo wa mtambo. Ina vidole kumi vya alumini kwa nyuzi kumi, vyote vimepangwa juu ya ekseli moja ya chuma. Uzi unapita juu ya kichwa cha kidole. Rodi ikivuta sehemu ya chini ya kidole kuelekea kushoto, kichwa kinaegemea kulia, uzi unakazika, sauti inapanda. Kwa kushusha sauti, rodi inavuta kipande cha pili, kilichounganishwa na kidole kama mkasi, na kidole kinaachiwa kuegemea upande wa pili. Hapa kuna jambo la kukumbuka, kwa sababu litatusaidia baadaye: baada ya kupandisha, kinachorudisha kidole mahali pake ni mvuto wa uzi wenyewe, ilhali baada ya kushusha kinachorudisha ni springi.

Hivyo viungo saba ni hivi: ekseli ya pedali, ncha ya chini ya rodi wima, ncha yake ya juu, bushi za shafti, maungio ya mikono na rodi za kuvuta, chenja, na mwisho kabisa upande wa kushoto, viroli ambavyo nyuzi hupitia kabla ya kufika kwenye vifungio vya kuzikazia. Kiroli cha kushoto husahaulika, ingawa kila uzi unapokazwa unasogea juu yake kidogo.

Je, mlio una madhara?

Pikapu ya gitaa hili, yaani kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya, ni ya sumaku, na sumaku haisikii kelele za chuma hewani. Inasikia uzi tu. Kwa hiyo mlio wa pedali hauingii kwenye amplifaya, isipokuwa kama pikapu ni kuukuu na waya zake zimelegea ndani kiasi cha kuwa kama maikrofoni. Jukwaani hakuna atakayeusikia. Wapo wapigaji wanaoishi nao miaka na miaka.

Tatizo ni kinachosababisha mlio. Kidole cha alumini kinachozunguka juu ya ekseli kavu kinakula chuma, na kile kinachotoka, unga mweusi, kinachanganyika na mafuta ya zamani na kuwa msasa. Muda ukipita tundu la kidole linapanuka, uzi unaanza kurudi mahali tofauti kila unapoachia pedali, na hapo hakuna mafuta yatakayosaidia. Tofautisha hilo na mguu wa gitaa ulioachwa bila kukazwa: unaguna kwa sauti kubwa kuliko chenja mbovu na hauna madhara yoyote.

Anza na vitu vya kipuuzi

Zima amplifaya. Ondoa pedali ya sauti chini ya mguu wa kulia na uiweke mbali, kwa sababu nyingi zina kamba au gia ndani na hulia zenyewe. Mtu akikanyaga pedali ya gitaa huku mguu wa kulia ukiwa umetulia juu ya ile nyingine, mwili unasogea na zote mbili zinatoa kelele. Badilisha viatu au vua kabisa. Soli ya mpira juu ya pedali iliyong'arishwa hutoa mlio mkali unaofanana na wa bushi kavu.

Kisha shika miguu minne mmoja mmoja. Miguu hii huzungushwa kama skrubu ndani ya soketi zilizo kwenye bodi, na sehemu yake ya chini huongezwa urefu kwa kuvutwa na kufungwa. Kaza kwa mkono tu. Plaizi itaharibu nyuzi za skrubu za alumini, na soketi ikishaharibika ni kazi ya fundi wa mashine. Hakikisha boriti ya pedali imekaa sawa kwenye miguu ya mbele na skrubu zake za vidole zimekaza pande zote mbili. Boriti iliyokaza kushoto na kulegea kulia huguna pale tu unapokanyaga pedali za kulia, na hivyo huonekana kama kasoro ya pedali hizo.

Angalia pia rodi wima zinavyosimama. Ukizitazama kutoka mbele zinapaswa kuning'inia wima. Boriti ikiwa imesogea sentimita moja tu kushoto au kulia wakati wa kufunga gitaa, rodi zote zinalala upande na kila ncha inasugua ukuta wa tundu lake. Legeza skrubu, sogeza boriti, kaza. Kelele nyingi za gitaa lililotoka kusafirishwa huishia hapa. Na kama rodi ziliondolewa, hakikisha kila moja imerudi kwenye pedali yake, maana urefu wake umepangwa kwa pedali hiyo peke yake. Kipande cha utepe wa karatasi chenye namba kwenye kila rodi kinazuia usumbufu mwingi.

Kata mnyororo

Kama bado inalia, usiguse chupa ya mafuta. Mnyororo huu unaweza kukatwa sehemu tatu, na kila unapoukata unaondoa washukiwa kadhaa kwa mpigo.

Kwanza, chomoa rodi wima ya pedali inayolia na uisukume pedali kwa mkono. Ikilia ikiwa peke yake, umempata: ni ekseli yake au inasugua jirani. Ikikaa kimya, ikamate rodi kwa mkono ukiwa umeinama, uivute chini polepole. Mlio ukirudi, pedali na boriti havina kosa.

Pili, nenda upande wa kulia, kwenye bamba la mwisho, ambako ncha za rodi za kuvuta zimefungwa nati ndogo za nailoni zinazotumika kutuni pedali. Zizungushe zile za pedali husika kuzilegeza hadi rodi zisivute vidole tena. Kwa magitaa mengi ufunguo wake ni wa pembe sita wa inchi 3/16. Hesabu mizunguko na uiandike kwa kila nati. Utaihitaji wakati wa kurudisha. Sasa vuta rodi wima tena. Shafti inazunguka bila mzigo. Ikilia hivyohivyo, tatizo liko kwenye bushi za shafti au ncha ya juu ya rodi. Ikinyamaza, tatizo liko kwenye chenja, kwenye kiroli, au kwenye kiungo kinacholia kinapobeba mzigo tu.

Tatu, rudisha nati na ulegeze uzi mmoja kwenye kifungio chake mpaka uwe hauna nguvu. Mlio ukitoweka, uko kwenye mstari wa uzi huo.

Kazi ya pili na ya tatu ni rahisi zaidi gitaa likiwa limepinduliwa. Toa miguu na boriti, lilaze kifudifudi ndani ya kasha lake kama linavyosafirishwa, na mtambo wote uko juu mbele ya macho. Hapo unasukuma mikono ya shafti kwa kidole gumba na kusikiliza. Mafundi wa magari wana mbinu inayofaa hapa: bisibisi ndefu, ncha yake juu ya bushi, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Bushi inayolia itakugonga sikioni. Ile ya jirani itasikika kwa mbali. Ni njia bora kuliko kuinamisha kichwa na kubahatisha.

Tumia pia tochi. Washa kwa pembe, mwanga ulale juu ya chuma. Mahali panaposuguana pana mstari mwembamba unaong'aa kuliko chuma kingine, na mara nyingi chini yake kuna unga mweusi kiasi cha kushikwa na ncha ya kijiti cha meno. Kijiti kikitoka cheusi kati ya kidole cha tano na cha sita cha chenja, umeshajua pa kufanya kazi.

Nyuzi zinavyomtaja mkosaji

Hapa ndipo kuelewa tuning, yaani noti ambayo kila uzi umepangiwa, kunapookoa muda kuliko chombo chochote. Gitaa la shingo moja lenye tuning ya E9, lililo la kawaida zaidi Nashville, lina pedali tatu zinazoitwa A, B na C. Pedali A hupandisha uzi wa 5 na wa 10 kutoka B hadi C#. Pedali B hupandisha wa 3 na wa 6 kutoka G# hadi A. Pedali C hupandisha wa 4 kutoka E hadi F#, na wa 5 tena kutoka B hadi C#.

Tazama kwamba uzi wa 5 uko kwenye A na C. Kwa hiyo, kama A inalia na C iko kimya, kidole cha 5 kimeshajitetea: kinatembea chini ya C bila kelele. Wanaobaki ni kidole cha 10, shafti ya A na rodi zake. Legeza nati ya nailoni ya uzi wa 10 kwenye A na ujaribu. Kama A na C zote zinalia kwa sauti ileile, usihangaike na pedali wala shafti, maana ni nadra vitu viwili tofauti kukauka kwa namna moja. Tazama kidole cha 5 au kiroli chake.

Uzi wa 4 nao unafaa. C inaupandisha, na karibu kila gitaa la E9 lina leva moja ya goti inayopandisha nyuzi za E hadi F na nyingine inayozishusha hadi D#. Kidole cha 4 kikiwa kikavu utakisikia mguuni na magotini. Kikilia kwenye leva ya kushusha tu, tazama kile kipande cha mkasi cha kushushia na springi yake, kwa sababu kwenye kupandisha havifanyi kazi ileile.

Kuna ushahidi mwingine usiotegemea sikio kabisa. Chomeka tuna, kile kifaa cha kupimia noti, piga uzi ukiwa wazi, kanyaga pedali, achia, piga tena. Uzi ukirudi juu kidogo kuliko ulivyokuwa, kidole kimekwama kwenye ekseli na mvuto wa uzi umeshindwa kukirudisha chote. Ukirudi chini kidogo, chenja haina kosa. Kiroli cha kushoto kimeganda. Pedali ilipokaza, ilivuta kipande cha uzi kutoka upande wa vifungio, na msuguano wa kiroli ukakizuia kurudi. Mlio wa kiroli nao ni tofauti, mfupi kama mdonoo, na sauti ya uzi huruka badala ya kuteleza. Watu wengi hufungua chenja nzima kwa ajili ya kiroli kilichohitaji tone dogo kuliko kichwa cha pini.

Safisha kabla ya kulainisha

Mafuta mapya juu ya uchafu wa zamani yananyamazisha kwa wiki chache, kisha mlio unarudi ukiwa mzito zaidi. Kwenye chenja hasa, lazima uchafu utoke kwanza.

Kinachotumika ni nafta, yale mafuta mepesi yanayojazwa kwenye viberiti vya utambi. Yanayeyusha grisi iliyoganda na kukauka bila kuacha kitu. Yanawaka moto kwa urahisi mno, kwa hiyo madirisha wazi, hakuna sigara, hakuna jiko jirani. Tandaza matambara chini ya chenja, funika pikapu na mbao kwa plastiki, kisha dondosha nafta kati ya vidole kwa bomba la sindano huku mtu mwingine akikanyaga pedali mfululizo. Kioevu kitakachotoka chini kitakuwa cheusi mwanzoni. Endelea hadi kitoke karibu safi. Mililita 20 au 30 kwa chenja moja zinatosha kwa gitaa lisilotelekezwa. Acha likauke vizuri kabla ya kutia chochote.

Usitumie thina ya rangi wala asetoni. Magitaa mengi ya zamani yamepakwa laka, na thina huila laka hapohapo. Asetoni inaharibu na baadhi ya plastiki pia. Hata nafta ijaribu kwanza sehemu isiyoonekana, na tone likianguka juu ya rangi lifute mara moja.

Mafuta gani, na kiasi gani

Mafuta ya cherehani yanafaa sana, na yanapatikana duka lolote la vipuri vya cherehani kwa bei ya soda. Ni mepesi, safi, hayagandi upesi. Mafuta mepesi yenye chembe za teflon yanafaa pia na hukaa muda mrefu zaidi. WD-40 iache kwa kufungua skrubu iliyoshikwa na kutu: ilitengenezwa kufukuza maji, sehemu kubwa yake hupuka, na utando unaobaki ni mwembamba mno kwa kidole kinachobeba mzigo wa uzi siku nzima. Dawa za kupuliza zenye silikoni zina ubaya wake: ukungu wake unatua juu ya mbao, na siku ukitaka kupaka rangi upya, rangi inakataa kushika.

Grisi nyeupe ya lithiamu ina mahali pake, kwenye ekseli ya pedali na kwenye ncha za rodi wima, kiasi cha kupaka kwa kijiti cha meno. Kwenye chenja usiipeleke kamwe. Chenja iko wazi, vidole vinakaribiana sana, na grisi inakusanya vumbi hadi vidole viwili jirani vinaanza kuvutana: unakanyaga kwa ajili ya uzi wa 5, na wa 6 unatikisika.

Kwa chenja, tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa kidole, pale kinapokalia ekseli, kwa sindano. Tone moja dogo kwenye pini ya kila mkasi. Kanyaga kila pedali na kusukuma kila leva mara 30 hivi, kisha futa kilichotoka. Nyuzi, pikapu na kipande chochote cha kitambaa kizito kilichowekwa kuzuia kelele visipate mafuta. Kitambaa hicho kikilowa kinavimba na kuacha kuzuia.

Tiba ya kila kiungo

Ekseli ya pedali: ichomoe ikiwezekana, ifute, ipitishe kitambaa ndani ya tundu la pedali, paka grisi kidogo sana. Kagua washa zinazotenganisha pedali. Ikikosekana moja, pedali mbili zinasuguana mbavu. Kama matundu ya pedali yana bushi za nailoni, grisi haihitajiki. Nailoni hukaa kavu, na ikilia kwa kawaida ni mchanga ulioingia. Ufute na urudishe.

Ncha za rodi wima hutofautiana sana. Kwenye magitaa mengine ni ndoano tupu ndani ya tundu la alumini, kwenye mengine ni mpira wa chuma ndani ya kikombe cha nailoni. Ndoano ndiyo yenye kesi nyingi. Tundu huliwa likawa refu mfano wa yai, na hapo hulia na kugonga vyote viwili. Mafuta yatazima mlio, mgongano utabaki. Vika ndoano kipande kifupi cha ganda la waya wa umeme, milimita tano au sita, lenye kubana vizuri. Linajaza nafasi na kutenganisha chuma na chuma. Litakwisha siku moja, na kulibadilisha ni kazi ya dakika mbili.

Bushi za shafti zina shida mbili zilizo kinyume. Shafti iliyobanwa mno kati ya ubao wa mbele na wa nyuma hulia, iliyolegea hugonga. Ishike katikati na uisukume mbele na nyuma: inatakiwa iwe na mchezo wa unene wa karatasi, si zaidi. Mbao hunywa unyevu na kusogea, kwa hiyo gitaa lililokuwa kimya kiangazi linaweza kuanza kulia masika bila yeyote kuligusa. Pale bushi zinaporekebishika, legeza kidogo tu, robo mzunguko, ujaribu tena. Pale zisiporekebishika, tone la mafuta kila upande.

Kwenye maungio ya mikono na rodi za kuvuta, tafuta rodi zinazogusana. Zimepita karibu karibu, na moja iliyopinda kidogo wakati wa kubadilisha mpangilio inalala juu ya mwenzake. Hiyo haitibiwi kwa mafuta. Inyooshe, au ihamishe tundu kwenye mkono ikiwa nafasi ipo, ukijua kwamba tundu tofauti hubadilisha urefu wa safari ya pedali na uzito wake mguuni.

Springi zenyewe hulia kwenye kulabu zao. Tone kwenye kila kulabu hutosha. Zile ndefu hutoa mvumo wa kengele unapoachia pedali. Kipande chembamba cha sponji kikipitishwa ndani ya mizunguko yake kinaunyamazisha.

Kama umesafisha chenja, umeitia mafuta, na bado kidole kilekile kinalia au kukwama, ekseli au tundu vimelika. Hapo chenja inabidi ishushwe: nyuzi zote zitoke, nati zitoke, springi zitoke, vidole kumi vichomolewe kwa mpangilio wake. Si kazi ya kuogopa kwa anayepiga picha kila hatua, lakini ekseli mpya na kidole kipya lazima vilingane kwa usahihi ambao tupa ya mkononi haiufikii. Na mwenye gitaa la zamani la Emmons la aina ya kusukuma-na-kuvuta asifuate maelezo ya hapa kuhusu nati na mikasi. Kwenye mtambo ule, kupandisha ni kuvuta na kushusha ni kusukuma, na skrubu moja ikizungushwa ovyo hubadilisha tuning ya mambo matatu kwa pamoja. Tia mafuta, futa, na skrubu ziache kama zilivyo.

Kurudisha kwenye tuning

Rudisha nati kwa idadi ya mizunguko uliyoandika. Tuni nyuzi zikiwa wazi kwanza, kwa vifungio, kisha pedali moja moja kwa nati za nailoni. Nyuzi zitakuwa zimehama, hasa kama vidole vilikuwa vinakwama: gitaa lililokuwa linatuniwa kufidia msuguano sasa linasema ukweli, na pedali A inaweza kuwa juu kidogo kuliko ulivyozoea.

Kabla hujafunga, gusa kila rodi ya kuvuta kwa kidole ikiwa pedali imeachwa. Inatakiwa iwe na ulegevu mdogo, wa kusikia tu. Rodi iliyokazwa mpaka ulegevu ukaisha inakisogeza kidole kutoka mahali pake pa kupumzikia, uzi haurudi, na mtu atakayelikuta gitaa hilo atadhani chenja imekauka tena.

Baada ya siku mbili za kupiga, pitisha kitambaa cheupe chini ya chenja. Doa dogo la mafuta ni sawa. Tone likiwa linaning'inia kwenye bamba, ulitia mengi: lifute, na usiongeze mengine mpaka gitaa liombe lenyewe.